Ni Darubini au Ni Shingo

Siku timu yetu iliposhindwa kwenye uwanja wa shabaha, kule mbele ya Gatuanyaga, nje ya mji wa Thika, mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba darubini ya bunduki yangu ni mbovu. Nilisema mbele ya wageni wa klabu nyingine, mbele ya akina mama waliokuwa wakipakua pilau chini ya hema, na mbele ya mke wangu. Hata mtu aliyeniuzia nilimtaja kwa ubaya, nikasema ananyonya watu. Nikiikumbuka sauti yangu ya siku hiyo, uso wangu unapata moto hata kama niko peke yangu.

Mimi ni mpimaji wa ardhi. Ninaishi Ruiru, na kazi yangu imekuwa kuyagawanya mashamba yaliyokuwa ya kahawa yawe viwanja vya nyumba. Kulenga shabaha ni mchezo nilioingizwa na mteja mmoja ambaye alikuwa hanyamazi kuhusu klabu yake. Nilikwenda mara moja kumridhisha, nikarudi kwa kupenda kwangu. Nilipenda ule utulivu: kulala kifudifudi juu ya turubai, kuvuta pumzi polepole, karatasi nyeupe ikiwa mbali kama kipande cha sukari. Nikahangaikia leseni mpaka nikaipata, nikanunua bunduki moja ya mashindano na sanduku la chuma la kuifungia nyumbani.

Kwa karibu nilikuwa mzuri. Watu walinisifu. Shida ilikuwa mbali. Kila shabaha iliposogezwa nyuma, nikazungusha kile kinobu, kifundo cha juu ya darubini, ili risasi ipande, risasi ilipanda kweli, lakini ilipanda ikienda kulia. Hazikuwa za kutupwa ovyo. Zilikwenda kulia zote pamoja, kwa mpangilio, kama ng'ombe wanaoijua njia ya shamba la jirani. Siku ya mashindano walisogeza shabaha mpaka mwisho wa uwanja, na risasi zangu zote zikala karatasi tupu. Alama zangu ndizo zilizotuangusha.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa Kisikh aliyezaliwa Thika, ambaye babu yake na baba yake walichomwa maiti kwa desturi yao huko huko. Ana karakana ya kuchonga vyuma kule viwandani, na Kiswahili chake ni cha karakana: kifupi, hakina salamu nyingi. Sisi sote tulimwita Mzee. Alinisikiliza nikiilaani darubini mpaka nikaishiwa, kisha akafuta mchuzi kwenye ndevu.

"Jumamosi lete hiyo bunduki kwa karakana," akasema. "Kwanza tuulize mashine. Tusitukane mashine bure."

Jumamosi nilifika nikiwa na uhakika. Wanaklabu wengine walikuwepo pia, kwa sababu siku hiyo mke wa Mzee hutuma bajia za moto na chai ya tangawizi, na hakuna anayezikosa kwa hiari. Mzee aliikagua bunduki kuhakikisha haina kitu ndani, akaibana kwenye jiriwa juu ya meza, akaifungia kitambaa isichubuke. Halafu akatoa pimamaji mbili ndogo, kila moja kama kidole. Moja akailaza juu ya reli ya chuma ambayo darubini hufungwa juu yake. Akaisogeza bunduki kidogo kidogo mpaka kipovu kikakaa katikati. Ya pili akaiweka juu ya kifuniko cha kinobu, kwenye darubini yenyewe. Kipovu cha hiyo kikakimbilia pembeni.

"Ona," akasema. "Bunduki imesimama. Darubini imelala kulia."

Nilipiga kofi mezani. "Si nilisema!"

"Ngoja. Nani alifunga hii darubini?"

"Mimi."

"Ulitumia nini kuipima?"

"Niliangalia tu. Kwa macho."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafanya hata mafundi wa mashine za ndani wageuke. "Mpimaji wa ardhi!" mmoja akasema. "Kwa shamba la mtu anabeba vyombo vya gari mzima, kwa bunduki yake anatumia macho!" Nikacheka nao. Aibu ya namna hiyo naijua, ni ya chai na bajia, inaisha na kikombe.

Mzee alilegeza skrubu za pete zinazoishika darubini. Akamwagiza fundi wake atundike timazi mwisho wa ua: kamba nyeupe iliyofungwa nati kubwa, na ile nati ikazamishwa ndani ya ndoo ya maji ili upepo usiichezeshe. Akaniambia, huku jicho moja liko kwenye darubini, kwamba hakuna kitu duniani kilichonyooka kuliko kamba yenye uzito. Akaizungusha darubini taratibu mpaka mstari wa kusimama, ule wa msalaba ulio ndani ya kioo, ukaifunika kamba kuanzia juu hadi chini. Kisha akakaza skrubu, hii kidogo, ile kidogo, akivuka upande na upande, kwa sababu ukikaza upande mmoja wote darubini hujizungusha bila wewe kujua. Akaangalia tena. Mwisho akafunga pimamaji ya tatu, ndogo kama punje ya njugu, ubavuni mwa darubini, iwe inaonekana na mlengaji.

"Hiyo imekufa hapo, haisogei tena," akasema. "Kila mtu aangalie ajifunze."

Wakaangalia mmoja mmoja. Safi. Safi kabisa. Mimi nilikuwa wa mwisho, mwenye mali. Nikaweka jicho.

Mstari wa msalaba na kamba vilikuwa pamoja, hilo lilikuwa kweli. Lakini vyote viwili vilikuwa vimelalia kushoto. Nilifikiri upepo. Nikasubiri. Vikabaki vimelala. Nikafikiri Mzee ananijaribu.

"Mzee," nikasema, "kamba yako imeinama."

Hakuna aliyecheka. Ndipo nilipojua nimesema jambo baya.

"Kamba ya timazi haiinami," Mzee akasema pole pole. "Itainama namna gani?"

Aliniuliza hivyo kama mtu anayempa mgonjwa nafasi ya kubadilisha maneno. Mimi nikarudia. Imeinama, kushoto, si sana lakini imeinama. Mzee akaichomoa bunduki kutoka kwenye jiriwa, akaiweka juu ya mfuko wa mchanga, akanigeuza upande wa ukuta mtupu usio na mstari wowote wa kuniongoza. Akaifunika ile pimamaji ndogo kwa kidole gumba.

"Sasa wewe mwenyewe simamisha. Ukiona iko wima, sema."

Nikaizungusha bunduki begani mpaka msalaba ukasimama. "Hapo."

Akaondoa kidole. Kipovu kilikuwa kimekwenda pembeni kabisa. Akaniambia tena. Nikasimamisha tena, kwa uangalifu wa mtu anayetahiniwa. Kipovu kikaenda palepale. Alinirudisha mara nyingine, na kila mara niliposema "hapo" nilisikia nyuma yangu watu wakivuta pumzi.

Kulikuwa na mama mmoja mwanaklabu, daktari wa meno, mtu mpole. Yeye ndiye aliyesema, na sidhani alitaka kuniumiza. "Hebu muangalieni shingo."

Wakaangalia. Nilikuwa nimeegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki, siwezi kujinyoosha bila kuonekana najinyoosha.

"Kumbe si gari," kijana mmoja wa klabu akasema, "ni dereva!"

Safari hii sikucheka nao. Nilifunga bunduki kwenye mfuko wake, nikasema nina mteja Juja, nikaacha chai yangu hapo mezani ikitoa moshi.

Lazima niseme kuhusu shingo. Nilikulia kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, katika shamba la kahawa upande wa Ruiru. Wazazi wangu walitoka magharibi kutafuta kazi, na Mama alichuma kahawa huku akinibeba mgongoni. Tangu nianze kujitambua, kichwa changu kililalia bega la kushoto. Si sana. Ni kiasi cha mtu anayesikiliza kitu mlango wa pili. Lakini watoto wana macho. Shuleni mmoja angeuliza kwa sauti, "Ni saa ngapi?" na darasa zima lingejibu, "Saa tano!" kwa sababu kwa waliokaa nyuma yangu nilikuwa kama mshale wa saa ulioegemea penye kumi na moja. Walimu waliamini ni kiburi. Mwalimu mmoja alikuwa akinisukuma kichwa kwa ncha ya rula kila akipita: "Wima! Wewe si kuku!"

Nilijifunza kukishikilia. Nilikishikilia mstari wa gwaride, kanisani, kwenye mahojiano ya kazi. Jioni misuli ya shingo iliuma kama nimebeba gunia. Katika picha nilichagua kusimama pembeni, mkono kiunoni, ili ionekane ni mtindo. Nikiwa mtu mzima hakuna aliyenitajia tena, nami nikaamini limekwisha. Kazini vyombo vyangu vyote vina vipovu vyake, vinajisimamisha vyenyewe, havijawahi kuniuliza mimi naona nini. Kumbe watu walikuwa wanaona tu, wanastahi.

Nilipomweleza mke wangu yaliyotokea, nilimweleza kama kichekesho. Yeye ni mwalimu, mtu wa Thika, na hadanganyiki kirahisi. Alikwenda akatoa albamu ya harusi yetu, akaifungua juu ya meza ya kulia. Tuliipekua. Kwenye kila ukurasa kichwa changu kilikuwa kimelala kushoto, nikiwa nakata keki, nikiwa natia sahihi, nikiwa nimesimama na wazee.

"Ngai, Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa upande wangu wa kushoto katika karibu picha zote. "Mimi nilidhani unaniegemea."

Alipoona uso wangu akacheka kidogo, akanishika mkono. "Na pengine ulikuwa unaniegemea pia. Lakini nenda hospitali."

Daktari wa macho niliyemwona Thika alikuwa kijana kuliko nilivyotaka. Alinifunika jicho moja, halafu lingine. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akakilaza upande wa kulia, upande ambao mimi sikilazi kamwe, na kalamu aliyokuwa nayo ikagawanyika ikawa mbili, moja juu ya nyingine. Nilishtuka nikamshika mkono.

"Pole," akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta."

Akanichorea kwenye kipande cha karatasi. Jicho, akasema, halitazami tu juu na chini na pembeni. Linajizungusha pia, kidogo, ili dunia isimame. Kuna msuli unaofanya kazi hiyo na neva nyembamba inayouamrisha. Ya jicho langu la kulia ni dhaifu. Nikikilaza kichwa kushoto, macho yanapatana. Nikikinyoosha kwa nguvu, ubongo unafanya kazi ya ziada. Na nikitumia jicho la kulia peke yake, kama kwenye darubini, hakuna wa kulisahihisha.

"Kwa hiyo shingo yangu..."

"Shingo yako haina kosa lolote. Imekuwa ikilisaidia jicho."

Nilikaa pale nikitazama mchoro wake. Nilikuwa nimeitukana hiyo shingo maisha yangu yote.

Akasema inaelekea nilizaliwa hivyo, lakini alitaka kuwa na hakika si ugonjwa mpya wa kichwa. Kama nina picha ya utotoni, niilete. Ikiwa kichwa kimelala tangu zamani, tutalala usingizi sote wawili.

Picha za utotoni ziko kwa Mama. Siku hizi anakaa Gatuanyaga, kwenye kipande cha shamba tulichomnunulia, na mbuzi wake na kuku na mihogo isiyotaka kukua. Nilimkuta akiwafungia mbuzi majani. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, akanikaangia mayai. Nilipomwambia ninataka picha yangu nikiwa mdogo, alisimama kama mtu aliyeitwa na sauti ya nje.

"Picha ya nini, baba?" Mama huniita baba, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake.

"Ya hospitali. Daktari anataka kuona shingo."

Alikaa chini. Hakuniuliza ninaumwa nini, na hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu Mama huuliza hata mafua yameanza saa ngapi. Alifuta mikono kwenye leso yake muda mrefu. Kisha akaingia ndani akarudi na picha moja.

Ni picha ya siku ya ubatizo wangu. Mama ni msichana ndani yake, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Amenipakata. Na mkono wake wa kulia uko kwenye shavu langu. Nilikuwa nimeiona picha hiyo nikiwa mtoto nikadhani ni mkono wa mapenzi. Sasa niliiona vizuri: vidole vimekaza. Alikuwa anakisukuma kichwa kisimame mpaka mpiga picha amalize.

"Walisema ni leso," Mama akasema.

"Nani?"

"Wote. Wanawake wa kule kwenye laini za shamba. Walisema nilikufunga vibaya mgongoni nikikimbilia kujaza debe, kichwa kikaning'inia upande mmoja, shingo ikaharibika. Nyanyako alipokuja kutoka nyumbani akasema vile vile mbele ya baba yako. Akasema mimi ni mwanamke anayependa pesa ya kahawa kuliko mtoto." Alisema bila kunitazama. "Walikuletea mama mmoja wa kukanda. Alikuwa anakukamata kichwa anakizungusha, unalia mpaka unanyamaza. Mimi nimesimama hapo. Ningesema nini? Nilijua ni mimi."

Nilimwambia. Nilimwambia haraka haraka, nikichora jicho hewani kwa kidole, neva, msuli, kuzaliwa. Nilisema shingo haijawahi kuwa na kosa. Nilisema, Mama, si wewe, hakuna kitu ulifanya. Nilitegemea atalia, au atamshukuru Mungu kwa sauti kama anavyofanya hata mvua ikinyesha kidogo.

Hakufanya lolote. Alikaa. Mbuzi mmoja akaja akaanza kuvuta ncha ya leso yake, naye hakumfukuza.

"Kwa hiyo walinisingizia," akasema.

"Ndiyo."

"Nyanyako amekufa. Baba yako amekufa. Yule mama wa kukanda sijui alienda wapi. Zile laini mmevunja." Akanitazama sasa. "Nitamwambia nani?"

Zile nyumba za laini ni kweli zimevunjwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyepiga mipaka ya viwanja vilivyokuja mahali pake. Nilikuwa nimepita pale na wateja waliovaa viatu vya mjini nikawaonyesha kona za viwanja, na sikumweleza hata mmoja kwamba nililelewa hapo. Niliona haya.

Nikiwa njiani kurudi Ruiru, jambo jingine likanijia, na hilo lilinifanya nisimamishe gari kando ya barabara ya vumbi mpaka bodaboda zikawa zinanipigia honi. Mama hajawahi kumbeba binti yangu mgongoni. Alipozaliwa, Mama alikuja akakaa nasi, akamwogesha, akamlisha, akamwimbia. Akilia, alimtembeza kifuani, mikono yote miwili, mpaka mikono ikatetemeka. Mke wangu alimpa leso mara kwa mara, akimwita nyanya kwa Kikuyu. "Cucu, mfunge tu mgongoni upumzike." Mama alisema mgongo unauma. Mke wangu aliwahi kulalamika kwangu kwamba pengine mama yangu anaona kubeba mjukuu ni kazi ya yaya. Mimi nikaona aibu kwa niaba ya mama yangu, kwamba ameanza kujidai mtu wa mjini. Binti yetu sasa ana miguu mirefu, hambebeki na mtu yeyote.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anakatakata sukuma wiki. Alikiweka kisu chini, akaenda chumbani akafunga mlango. Baadaye nikamsikia akiongea na Mama kwenye simu kwa sauti ya chini, na sikwenda kusikiliza.

Siku ya kurudi kwa daktari, Mama alisema atakuja. Nilimkuta kituoni Thika amevaa nguo za kanisani na ameshika picha yake ndani ya bahasha ya kaki. Ndani ya chumba cha daktari alikataa kiti. Daktari aliitazama picha, akasogeza taa, akatabasamu.

"Naona mama alikuwa ananyoosha. Lakini bado mabega yanaonyesha. Ni ya kuzaliwa. Vizuri sana, hakuna wasiwasi."

Akaanza kunieleza mimi habari za miwani yenye vioo maalumu, na upasuaji ambao si lazima kwa umri wangu. Mama akamkatiza.

"Daktari. Si leso?"

Daktari hakuelewa. Alinitazama mimi. "Leso?"

Nilipaswa kumweleza. Nilihisi shingo yangu ikipata joto, mbele ya kijana huyu na nesi aliyekuwa ameingia na faili. Nikasema, kwa maneno ya mkato, kwamba Mama aliambiwa alinifunga vibaya mgongoni. Yule daktari akaacha kuandika. Akainuka, akaizunguka meza, akasimama karibu naye, na nikaona kwamba hata kama ni kijana, amelelewa.

"Si leso, mama. Hata ungembeba kifuani, au usimbebe kabisa, ingekuwa hivi hivi. Alikuja nayo tumboni."

"Sema tena."

"Si leso."

"Asante," Mama akasema, na sasa akakaa kwenye kiti.

Uwanjani nilirudi baadaye. Nilikwenda kwanza kwa mtu aliyeniuzia darubini, nikamwomba radhi dukani mwake, naye akanisikiliza huku akihudumia mtu mwingine, jambo ambalo nilistahili. Wanaklabu niliwaeleza habari ya jicho wakiwa wamekaa, nikaona wale waliocheka wakishindwa pa kutazama. Nilichukia hivyo zaidi ya nilivyochukia kicheko. Yule kijana wa utani wa dereva akaniletea soda bila kuombwa. Mzee peke yake hakubadilika. Alinitandikia turubai.

"Haya, lala. Usimsikilize jicho. Angalia kipovu, halafu piga."

Si rahisi kama anavyosema. Kipovu kinapokuwa katikati, mimi bado ninaona msalaba umelala kushoto, na kila sehemu ya mwili wangu inataka kuuinua. Inabidi nipige nikiwa nimeamini kwamba ninachokiona ni uongo. Risasi za mbali sasa zinapanda juu ya mstari mmoja, haziendi tena kwa jirani. Lakini sijawahi kuzifurahia kama nilivyofurahia zile za zamani, za karibu, nilipodhani zimetoka kwangu.

Jumapili moja Mama alituita kanisani kwake Gatuanyaga, mimi, mke wangu na mtoto. Alisema tu twende. Ni kanisa la mabati, viti vya plastiki, watu wengi wao wamehamia huko miaka ya karibuni kutoka mitaa ya Thika kama Kiandutu na kwingineko, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Mama akichuma kahawa. Wakati wa ushuhuda ulipofika, Mama akainuka akaenda mbele.

Alieleza yote. Alitaja debe, leso, mkwe wake, mama wa kukanda. Alieleza neva na msuli, akakosea kidogo, akaita neva "mshipa wa kunyoosha dunia". Akasema daktari wa Thika amesema si leso, na amesema mara mbili. Akina mama wakapiga vigelegele. Halafu, ili wasiwe na shaka, akaninyooshea mkono.

"Ndiye yule pale. Muangalieni."

Kanisa zima likageuka. Wazee, wanakwaya, watoto waliokuwa wakila njugu. Waliniangalia usoni, kisha wote kwa pamoja wakashuka shingoni. Mke wangu alinikanyaga mguu kwa upole, sijui alitaka nisimame au nitulie. Damu ilinipanda masikioni. Misuli ya shingo ilikuwa tayari imeanza kuvuta, kama ilivyovuta tangu shule ya msingi, na Mama alikuwa bado amenyoosha mkono, anangoja waone vizuri.

Nikailegeza. Kichwa kikaenda bega la kushoto, mahali pake, na nikakaa hivyo nikitazama sakafu ya simenti, nimejaa haya, mpaka wakamaliza kuangalia na mchungaji akatangaza sadaka.